Riwaya Inapopanda Jukwaani na Kuimba: Mbinu za Kuigeuza Hadithi ya Visa Kuwa Opereta

Vikundi vingi vya sanaa vinavyojaribu kuigiza riwaya ya visa na mapigano hukwama mahali pamoja. Kitabu ni kinene, matukio yanafukuzana, na nyimbo hazina pa kukaa. Mwimbaji akisimama aimbe, hadithi inasimama naye. Hadithi ikikimbia, wimbo unaachwa njiani. Tatizo hili limewahi kutatuliwa, na aliyelitatua vizuri ametuachia kazi ya kujifunzia. Kazi ninayoipendekeza ni opereta ya The Three Musketeers, iliyofunguliwa katika ukumbi wa Lyric, New York, tarehe 13 Machi 1928.

Opereta ni mchezo wa jukwaani unaochanganya mazungumzo ya kawaida na nyimbo za sauti zilizofunzwa, okestra ikipiga mbele ya jukwaa. Ni nyepesi kuliko opera, ambayo mara nyingi huimbwa mwanzo hadi mwisho. Hii ya 1928 ilitungiwa muziki na Rudolf Friml, mzaliwa wa Prague aliyewahi kufundishwa na Antonín Dvořák kabla ya kuhamia Marekani. Mazungumzo yaliandikwa na William Anthony McGuire, mashairi ya nyimbo yakaandikwa na Clifford Grey na P. G. Wodehouse, na mwenye fedha na amri alikuwa Florenz Ziegfeld. Ilionyeshwa mara 318 New York, kisha mwaka 1930 ikavuka bahari kwenda London, ukumbi wa Drury Lane.

Riwaya yenyewe ni ya Alexandre Dumas, iliyochapishwa kwa mfululizo katika gazeti la Le Siècle, Paris, kuanzia Machi hadi Julai 1844. Bibi yake Dumas, mzaa baba, alikuwa mwanamke mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti, na baba yake akawa jenerali katika jeshi la Ufaransa. Waambie waigizaji wako hilo siku ya kwanza ya mazoezi. Kijana anayedhani panga na kofia za manyoya ni hadithi za watu wengine atakishika kitabu kwa mkono tofauti.

Sasa tuingie kazini. Riwaya ya Dumas ina sura 67 na hitimisho. Ina mzingiro wa mji wa La Rochelle, mauaji ya waziri wa Uingereza, mwanamke anayepewa sumu katika nyumba ya watawa, na mwingine anayekatwa kichwa usiku kando ya mto. Opereta ilijijenga juu ya kisa kimoja tu, kisa cha vishikizo vya almasi, ambacho katika kitabu kinamalizika kwenye sura ya 22. Hiyo ni theluthi moja ya riwaya. Mwandishi anayeogopa kukata angejaribu kubana sura zote 67 katika saa tatu, na mtazamaji angetoka ukumbini akiwa na majina mengi kichwani na hisia hata moja moyoni hana. Kata theluthi mbili, wala usiziombee msamaha. Aliyekisoma kitabu atazikumbuka mwenyewe, na asiyekisoma hatajua kwamba zilikuwepo.

Utajuaje theluthi ya kubaki nayo? Tafuta kitu kinachosafiri. Namaanisha kitu cha kushikika, chenye thamani, kinachopita mkono hadi mkono na kuhatarisha maisha ya kila anayekigusa. Kitazame hiki cha Dumas kwa karibu. Mfalme wa Ufaransa alimpa Malkia Anne vishikizo 12 vya almasi vya kupambia vazi. Malkia akampa Buckingham, waziri wa Uingereza anayempenda, viwe ukumbusho. Kardinali Richelieu, waziri wa mfalme na adui wa malkia, akapata habari. Akamshauri mfalme aandae dansa na kumtaka malkia avivae vishikizo vile vile. Papo hapo akamtuma Milady, jasusi wake, akavikate viwili mavazini mwa Buckingham huko London. Malkia hana la kufanya. Constance, mtumishi wake, anamtuma d'Artagnan, kijana shujaa wa riwaya, akavirudishe. D'Artagnan anaondoka na rafiki zake watatu, askari wa mfalme, nao wanapungua njiani mmoja mmoja: Porthos anabaki Chantilly kwa ugomvi wa upanga, Aramis anapigwa risasi, Athos anazuiliwa Amiens kwa kusingiziwa kuwa analipa kwa fedha bandia. Anafika London akiwa na mtumishi wake tu. Buckingham anafungua kasha, anahesabu, anakuta 10. Anamwita sonara wake atengeneze viwili vingine haraka, na anafunga bandari zote ili mwizi asivuke kabla yao.

Katika dansa, mfalme anamkaribia mkewe kuhesabu, na kardinali tayari ameshamkabidhi mfalme vile viwili vilivyoibwa ili viwe ushahidi. Malkia anavyo 12 kamili. Vile viwili vya kardinali vinageuka kuwa zawadi, kwa hiyo malkia anaondoka na 14. Hila imemrudia mwenyewe, na hapajasemwa neno hata moja la kueleza. Tukio la namna hii ni chakula cha jukwaa, kwa sababu hesabu inaonekana. Mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa anaweza kuhesabu pamoja na mfalme.

Basi chukua karatasi moja, uandike orodha ya mikono ambayo kitu chako kinapitia katika riwaya uliyoichagua. Mfalme, malkia, Buckingham, Milady, kardinali, d'Artagnan, malkia, mfalme. Kama orodha inafunga duara, mchezo unao. Kama kitu kinapotea katikati na hakirudi, tafuta kingine kabla hujaandika hata mstari mmoja wa wimbo.

Amua na mwisho mapema. Katika riwaya, baada ya ile dansa, hadithi inaingia gizani na Constance anakufa. Opereta inayosimama kwenye vishikizo inamwacha Constance hai. Watu wengine huona hapo hadithi imefanywa laini mno. Sikubaliani nao. Muziki wa namna ya Friml, wenye mapenzi ya wazi na maandamano ya askari, hauwezi kubeba kifo cha sumu dakika tano kabla ya pazia; utasikika kama uongo. Ukiutaka mwisho wa msiba, anza na muziki wa msiba, na uchague kisa kingine ndani ya kitabu hicho hicho. Milady peke yake anatosha kujaza mchezo mzima.

Sasa nyimbo. Mwandishi mgeni huziweka mahali penye msisimko mkubwa, yaani katikati ya mapigano. Hapo ndipo zisipofaa. Mtu anayerusha upanga hana pumzi ya kuimba, na mtazamaji anayeogopa shujaa atachomwa hasikii maneno. Wimbo ukae kabla ya hatari au baada yake. Wakati wa panga zenyewe acha ngoma na okestra zifanye kazi, sauti za watu zinyamaze.

Majina ya nyimbo za 1928 peke yake yanaonyesha mgawanyo. Kuna "March of the Musketeers", ya kundi zima, inayosema hawa ni nani. Kuna "My Sword and I", ya d'Artagnan, na kuna "Gascony", inayotaja kwao alikotoka. Kuna "Ma Belle", wimbo laini wa Aramis. Kuna "Your Eyes", ya wapenzi wawili, na "Queen of My Heart", ya Buckingham. Katika riwaya, tabia ya kila mmoja wa hawa inachukua kurasa nyingi: Dumas anaeleza farasi wa d'Artagnan mwenye rangi ya manjano ya kuchekesha, anaeleza utanashati wa Aramis, anaeleza wazimu wa mapenzi ya Buckingham. Jukwaani huna kurasa. Wimbo ndio unaochukua nafasi ya maelezo ya mwandishi. Kwa hiyo kabla ya kutunga, pitia riwaya na penseli, utie alama kila mahali ambapo mwandishi anamweleza mtu badala ya kumfanya atende. Alama hizo ndizo vituo vya nyimbo zako. Zilizobaki ni mazungumzo.

Wimbo wa kundi uje mapema, ndani ya robo saa ya kwanza. Mtazamaji anahitaji kujua kiapo cha hawa watu kabla hajawaona wakikitimiza. Halafu kiapo hicho kirudi mwishoni, kifupi, kiimbwe na wale wale, hata walioachwa njiani. Hadithi ya safari ina hatari hii: inawaangusha waimbaji wako bora mmoja mmoja, na ukifika mwisho una shujaa peke yake na kwaya isiyo na kazi. Warudishe. Waingie na bendeji zao, mmoja akichechemea. Watazamaji watapiga makofi kabla waimbaji hawajafungua midomo.

Hapa kwenye maneno ya Kiswahili nataka tukae zaidi, maana ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Kiswahili kinampa mwimbaji zawadi kubwa: karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo sauti haikatiki kwenye konsonanti ngumu. Lakini kina sharti lake. Shadda hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la msikilizaji haliwezi kudanganywa. Ukitunga muziki kwanza kisha ukabandika maneno juu yake, utamsikia mwimbaji akisema "U-panga" kwa kuukandamiza ule u, na ukumbi mzima utahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawajui ni nini. Andika maneno kwanza. Yasome kwa sauti ukigonga meza kwenye shadda. Kisha mpe mtunzi wa muziki karatasi yenye alama hizo.

Tuchukue mfano wa kiapo cha wale askari. Tuseme umeandika "Sote ni mmoja, mmoja ni sote." Kila nusu ina mizani sita, na macho yanaona zimelingana. Lakini gonga meza. Nusu ya kwanza inaanzia juu ya pigo: SO-te-ni-m-MO-ja. Nusu ya pili inaanza kabla ya pigo, kwa kuwa ile m ya mwanzo haina shadda: m-MO-ja-ni-SO-te. Mtunzi asipoambiwa, ataandika nusu zote mbili kwa mwendo mmoja, na kwaya itaipiga m kwa nguvu huku mo ikipotea. Dawa ni ndogo: nusu ya pili ianze na noti fupi ya kuingilia, m ipewe noti yake yenyewe, kisha pigo liangukie mo. M ya namna hii ni silabi kamili, nayo isipotengewa noti waimbaji huimeza, na kiapo cha kifalme kinasikika kama mtu anayetafuna.

Jambo jingine ni noti za juu. Irabu a na o hufungua koo; i na u hulibana. Friml alizoea kuupandisha wimbo wa mapenzi hadi kilele kimoja karibu na mwisho, na ukimfuata katika hilo, hakikisha kilele kimeangukia neno lenye a kwenye shadda. "Moyo wangu hautalala" unapanda vizuri, maana silabi ya kuinua ni la. "Nakuwaza usiku" utamsumbua msichana wako mwenye sauti ya kwanza, kwa sababu atalazimika kupiga noti kali juu ya si. Maana inaweza kuwa nzuri hivyo hivyo. Koo halijali maana.

Kuhusu vina, usivifuate hadi vikakuvuta nje ya mchezo. Watu wetu wamelelewa na mashairi ya vina na mizani, na sikio lao ni kali, kwa hiyo vina vya kati na vya mwisho vitapokelewa kwa furaha kwenye nyimbo za mapenzi na za kiapo. Wimbo wa hasira au wa hila uuache huru zaidi. Kardinali anayepanga njama kwa vina vilivyokamilika anasikika kama mtu anayefurahia sherehe.

Uchaguzi wa waigizaji. Ziegfeld alimpa Dennis King nafasi ya d'Artagnan. King alikuwa Mwingereza aliyewahi kucheza Mercutio katika Romeo and Juliet New York mwaka 1923, kisha akaimba katika opereta mbili nyingine za Friml, Rose-Marie na The Vagabond King. Yaani alikuwa mwigizaji aliyejua kushika upanga na kusema maneno, na sauti yake ikamtosha. Fuata mfano huo kwa shujaa: ukilazimika kuchagua kati ya mwenye sauti kubwa anayesimama kama nguzo na mwenye sauti ya wastani anayeweza kuruka meza na kutua akiwa bado anacheka, mchukue wa pili. Kwa msichana wa kwanza fanya kinyume. Constance katika riwaya hapewi nafasi kubwa, lakini katika opereta, nafasi aliyocheza Vivienne Segal, ndiye anayeibeba nusu ya mapenzi, na hilo linahitaji sauti iliyofunzwa.

Wale rafiki watatu wapange kwa kimo cha sauti: mmoja ya juu, mmoja ya kati, mmoja nzito kabisa. Mtazamaji atawatofautisha hata wakiwa wamegeuka migongo. Na usimsahau mchekeshaji. Mwaka 1928 Planchet, mtumishi wa d'Artagnan, alichezwa na Lester Allen, mchekeshaji kwa kazi. Mpe wako wimbo mmoja, si zaidi.

Urefu ni adui wa kweli. Mhakiki Alexander Woollcott alilalamikia jinsi sehemu ya kwanza ya onyesho la 1928 ilivyoendelea na kuendelea, na hiyo ilikuwa kazi yenye fedha, wacheza dansi wa Albertina Rasch na mandhari ya Joseph Urban. Wewe huna hayo ya kumfumba mtu macho. Kaa na saa siku ya mazoezi ya kwanza ya mfululizo. Sehemu ya kwanza ikizidi saa moja na robo, kata, na uanze na mistari unayoipenda kwa sababu tu uliiandika wewe. Wimbo ambao ukiondolewa hakuna anayekosa habari yoyote, uondoe.

Panga zifanyiwe kazi na mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kusema hapana. Tumieni fimbo kwanza, kwa hesabu ya nane, polepole, wiki nzima kabla ya kuongeza mwendo. Macho ya mshambuliaji yaonane na ya mshambuliwa kabla ya kila pigo, na ncha isielekezwe usoni kamwe. Mkishika panga za jukwaani, ziwe butu, na mzikague kila jioni kabla ya pazia.

Mandhari: meza, mlango mmoja, taa. Safari ya kutoka Paris hadi Calais iimbwe na kwaya ikiwa imesimama, huku shujaa akipita katikati yao na kila kituo kikimpunguzia rafiki mmoja. Hakuna haja ya farasi.

Haki za kazi zichunguze kabla ya kuchapisha tangazo. Dumas alifariki 1870, kwa hiyo riwaya yake ni mali ya wote. Tafsiri mpya, hata hivyo, ina mwenyewe. Nyimbo za opereta ni habari nyingine. Marekani, kazi zilizochapishwa 1928 zilitoka kwenye ulinzi tarehe 1 Januari 2024, lakini Kenya na Tanzania hesabu huanzia mwaka aliofariki mtunzi, na Friml alifariki 1972, Wodehouse 1975. Ukitaka muziki wao, uliza ofisi ya hakimiliki ya nchi yako na upate jibu kwa maandishi. Ukitunga wako, utalala usingizi bila wasiwasi.

Ukitaka kujipima kabla ya kugusa kitabu kigumu, jaribu na kile ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana nacho shuleni, Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, aliyefariki 1894. Kitu kinachosafiri kiko wazi: ramani. Inatoka kwenye sanduku la baharia mzee, inaingia mikononi mwa kijana Jim, inafika kwa daktari na bwana mwenye fedha, na baadaye inaangukia mikononi mwa Silver, kiongozi wa maharamia, wakati haina faida tena, kwa kuwa hazina imeshahamishwa. Wimbo wa kundi ni wa mabaharia. Silver, mwenye maneno matamu na mguu mmoja, anastahili nyimbo mbili. Tatizo ni kwamba karibu hakuna sauti ya mwanamke. Yuko mama yake Jim, mwenye nyumba ya wageni, naye anaachwa nyuma sura za mwanzo. Lakini soma tena usiku ule anapofungua sanduku la marehemu na kung'ang'ania kuhesabu sarafu za deni lake tu, bila kuzidisha hata moja, huku maharamia wakikaribia barabarani. Hapo pana wimbo, tena wa mama, na Stevenson ameshauandikia mapigo: kila sarafu inayoanguka mfukoni ni pigo moja.